"They" ya mtu mmoja, "you" ya watu kumi: umoja na wingi kwenye viwakilishi vya Kiingereza

Juzi nimefungua simu nakuta notifikesheni inasema fulani "amebadilisha picha yao". Nikairudia. Amebadilisha, mmoja. Picha yao, wengi. Mtu ni yule yule, namfahamu, picha yenyewe ni moja na yupo peke yake, ila katikati ya sentensi ya maneno matatu kashageuka kundi. Na sio mara ya kwanza, apu kibao zilizotafsiriwa Kiswahili zina mambo haya, utakuta "mteja akipiga simu waambie wasubiri", wengi wanacheka wanapita, wanasema ah mashine hiyo. Mimi kutafsiri ndo kazi yangu kwa hiyo sipiti, inaniuma kabisa, maana Kiswahili hapo hakina shida yoyote, shida ni kitu kimoja cha Kiingereza ambacho hata sisi tuliosomeshwa Kiingereza miaka na miaka hatukuwahi kukaa chini tukaelezwa.

Kitu chenyewe ni hiki. Kwenye Kiingereza umbo la kiwakilishi ni jambo moja, na idadi ya watu unaowataja ni jambo lingine. Neno linaweza kuwa na sura ya wingi, likabeba kitenzi cha wingi, na anayetajwa akawa mtu mmoja tu. Ukiyatenganisha hayo mawili kichwani, sehemu kubwa ya mkanganyiko inafunguka yenyewe.

Tatizo letu linaanzia kwenye lile jedwali tulilokariri. Umoja: I, you, he, she, it. Wingi: we, you, they. Tukaambiwa "they" ni wao, tukaandika, tukaenda. Sasa angalia. "You" ipo pande zote mbili na hakuna aliyeuliza kwa nini. Halafu hiyo "they ni wao" ni kweli nusu tu, kwa sababu "they" ni wingi wa "it" pia, na "it" ni vitu. Mtu akikuuliza "Where are the keys?" unajibu "They are on the table", na hapo hakuna wao wowote, ni funguo, ziko mezani. Vitabu viko mezani, "they are". Magari yako nje, "they are". Watoto wako nje, "they are". Sisi tuna viko, ziko, yako, wako, ngeli inatuambia kabisa tunaongelea nini, Kiingereza kimeyatia yote kwenye kapu moja. Ndo maana Mswahili anayejifunza Kiingereza akifika kwenye funguo anasita, anataka kusema "those are on the table" kwa sababu kichwani mwake "they" ni watu.

Na vimilikishi navyo vinapinduka. Sisi tunasema kitabu changu, vitabu vyangu, yaani neno linafuata kile kinachomilikiwa. Kiingereza hakijali una vitabu vingapi, ni "my book" na "my books", "my" ile ile, kinachohesabiwa ni mwenye mali. "Their house" ni nyumba moja ya watu kadhaa, "his houses" ni nyumba nyingi za mtu mmoja. Na ile "s" ya mwishoni kwenye "ours", "yours", "hers", "theirs" sio ya wingi hata kidogo, kitabu kimoja ni "hers" na vitabu mia ni "hers" vile vile. Nimeona watu wanaiondoa wakidhani wanarekebisha umoja, msiiondoe.

Turudi kwa "you" sasa, maana historia yake ndo inafungua mlango wa "they".

Kiingereza cha zamani sana kilikuwa na idadi tatu. Kulikuwa na mimi, kulikuwa na "wit" yaani sisi wawili tu, halafu "we" yaani sisi wengi. Upande wa pili kulikuwa na "thu" wewe, "git" ninyi wawili, na "ge" ninyi. Vile vya wawili wawili vikafifia, kufikia miaka ya 1300 vilikuwa vimekufa. Vikabaki viwili, "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa wengi, na kila kimoja kina umbo lake la kutendewa, "thee" kwa mmoja na "you" kwa wengi. Yaani "you" ilikuwa ninyi, na tena ninyi ya kutendewa tu, kama kwenye nimewaona, sio kwenye mmeniona.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado imeshika mpango huo na kuna sehemu inaonesha uzuri wake. Luka sura ya 22, mstari wa 31 na 32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you" ili awapepete kama ngano, halafu anageuka, lakini nimekuombea "thee". Ile ya kwanza ni ninyi, mitume wote. Ya pili ni wewe Simoni, mmoja. Msomaji wa Kiswahili analiona hilo bila kutoa jasho, amewataka ninyi, nimekuombea wewe, lipo wazi. Msomaji wa Kiingereza cha leo akikuta "you" na "you" anaweza akadhani Shetani alikuwa anamtaka Simoni peke yake, ndo maana kuna tafsiri za sasa zimelazimika kuongeza maneno, "all of you". Hapo lugha ilipoteza kitu na inakilipia mpaka leo.

Ilikipotezaje? Heshima. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kifaransa kina desturi ya kumwita mkubwa kwa wingi, "vous" badala ya "tu". Kuanzia karne ya 13 hivi Waingereza wakaanza kuiga, mfalme anaitwa kwa wingi, halafu lodi, halafu mwajiri, halafu mtu yeyote usiyemjua vizuri, maana ukikosea kwa kumheshimu mtu kupita kiasi hakuna ugomvi ila ukikosea kwa kumdharau kuna ugomvi. Kwa hiyo kila mtu akakimbilia upande salama. "Thou" ikabaki ya watoto, watumishi, wapenzi, Mungu kwenye sala, na matusi. Matusi kweli, mwaka 1603 Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini pale Winchester, na mwanasheria mkuu wa serikali, Sir Edward Coke, alipotaka kumdhalilisha mbele ya mahakama akamfokea "I thou thee, thou traitor". Ona alivyoligeuza neno kuwa kitenzi, yaani mimi nakuita wewe-wewe, huna hadhi ya kuitwa vingine. Kiwakilishi cha umoja peke yake kilitosha kuwa kofi.

Waliokataa mtindo huo ni Marafiki, lile dhehebu la Kikristo linalojulikana kama Quaker. Hoja yao naipenda kwa unyoofu wake: mtu mmoja ni mmoja, awe hakimu awe mfalme, kumwita kwa wingi ni uongo na ni kumbembeleza. Wakawa wanamwambia kila mtu "thee" na "thou", wakapigwa na kudharauliwa kwa hilo, na mwaka 1660 kiongozi wao George Fox na wenzake wakatoa kitabu kizima kutetea umoja na wingi kwa mifano ya lugha kibao. Ila mkondo ulishawazidi. "You" ikameza nafasi zote, mmoja na wengi, mtenda na mtendwa.

Hapo ndo kipande ambacho nataka ukishike. "You" ilipoanza kumtaja mtu mmoja haikubadilisha kitenzi chake. Iliendelea kubeba "are", kitenzi cha wingi, mpaka leo hakuna anayesema "you is" kwenye Kiingereza sanifu hata anapoongea na mtu mmoja uso kwa uso. Karne ya 18 kulikuwa na watu wengi tu, tena waliosoma, wakisema "you was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa wengi, mimi naona ilikuwa njia nzuri ya kurudisha tofauti iliyopotea, ila Robert Lowth kwenye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 akaikemea vikali na walimu waliofuata wakaizika. Sehemu moja tu ndo imebaki inahesabu, mwishoni mwa neno: "yourself" ni wewe mwenyewe, "yourselves" ni ninyi wenyewe.

Na watu wa kawaida hawakukubali kukaa bila ninyi. Kusini mwa Marekani wakatengeneza "y'all", Pittsburgh wana "yinz", Ireland "ye" bado inaishi na "youse" ipo, hiyo hiyo utaisikia Scotland, Liverpool na Australia, wengine "you guys", Waingereza "you lot". Vitabu vinaviita vya mtaani. Kwangu mimi hivyo ni ushahidi kwamba binadamu anahitaji kujua kama anaambiwa yeye au wanaambiwa wote, akinyimwa neno analitengeneza.

Sasa "they". Hili neno lenyewe ni la kuja, lililetwa na wahamiaji wa Skandinavia waliokaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza enzi za Waviking. Kiingereza chenyewe kilikuwa na "hie" kwa wao na "he" kwa yeye mwanaume na "heo" kwa yeye mwanamke, na matamshi yalivyozidi kulainika yakakaribiana mno, ukisema mtu hajui ni yeye au wao. Neno la wageni lilikuwa linasikika tofauti, likachukuliwa. Taratibu lakini, mshairi Chaucer kwenye miaka ya 1300 mwishoni anatumia "they" kwa mtenda ila kwa mtendwa bado ana "hem". Ile "'em" unayoisikia kwenye "tell 'em" watu wanadhani ni "them" imekatwa kichwa, kumbe ni hiyo hiyo "hem" ya zamani bado inapumua.

Karne hiyo hiyo ya 14, "they" haijatulia hata vizuri, tayari tunaikuta kwenye maandishi ikimtaja mtu mmoja asiyejulikana. Shakespeare anayo. Biblia ya 1611 inayo, Wafilipi 2:3, kila mmoja amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko "themselves". Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya, anayo tele. Kwa hiyo anayekuambia "they" ya umoja ni mtindo wa vijana wa juzi, mwambie ina zaidi ya miaka 600.

Kwa nini ilihitajika? Kwa sababu Kiingereza kina tundu ambalo Kiswahili hakina. Sisi tunasema "mtu akija mwambie anisubiri" na tumemaliza, ile "a" haina mume wala mke, ile "m" haina mume wala mke. Mwingereza akitaka kusema sentensi hiyo hiyo anakwama kwenye "tell": amwambie "him"? "Her"? Hajui ni nani anakuja. "It" ni ya vitu, huwezi kumwita mtu mzima hivyo. Kwa hiyo mdomo wake ukateleza kwenye neno pekee la nafsi ya tatu lisilotaja jinsia, "if someone comes, tell them to wait for me". Idadi ilitolewa sadaka ili jinsia isitajwe. Ukielewa biashara hiyo moja umeielewa "they" ya umoja yote.

Walimu wa sarufi wa karne ya 18 hawakuipenda. Wakasema mmoja ni mmoja, tumieni "he", na "he" itamhesabia mwanamke humo humo. John Kirkby aliiweka kama kanuni mwaka 1746. Halafu Bunge la Uingereza mwaka 1850 likapitisha sheria kwamba kwenye sheria zote maneno ya kiume yatahesabiwa kuwa yanajumuisha wanawake, na umoja utajumuisha wingi, na wingi utajumuisha umoja. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Ila mwaka 1867 ikaja sheria ya kupanua haki ya kupiga kura, imeandikwa "man", na wanawake maelfu wa Manchester wakaomba kuandikishwa, wakaegemea ile ile sheria ya 1850, si mlisema kiume kinajumuisha kike? Kesi ikaamuliwa mwaka 1868, majaji wakasema hapana, hapa neno hilo halijumuishi wanawake. Wakati kwenye kulipa kodi na kuadhibiwa lilikuwa linawajumuisha bila shida. Nikisikia mtu anasema "he" ni ya wote na haina madhara, mimi nakumbuka hao wanawake.

Wengine walijaribu kuziba tundu kwa neno jipya kabisa. Linalojulikana zaidi ni "thon", la Mmarekani Charles Crozat Converse, mwanasheria na mtunzi wa muziki, lilichapishwa mwaka 1884 na likaingia mpaka kwenye kamusi kubwa ya Webster toleo la 1934. Toleo la 1961 halimo, maana hakuna aliyelisema. Viwakilishi havipokei wageni kirahisi, watu wanapendelea kuchukua kilichopo na kukipa kazi ya ziada.

Na kazi ya ziada imeongezeka. Zamani "they" ya umoja ilikuwa ya mtu asiyejulikana, "someone", "anyone", "a student". Siku hizi inatumika pia kwa mtu anayejulikana kwa jina, ambaye hajitambulishi kama mwanaume wala mwanamke na ameomba aitwe hivyo. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP uliiruhusu kwa tahadhari mwaka 2017, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikaikubali rasmi kwenye toleo la 7 la mwongozo wao mwaka 2019, mwaka huo huo Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi, wakaifanya neno la mwaka. Kwa hiyo ukikuta makala inasema "Sam said they are tired", Sam ni mmoja.

Sasa hapo kwenye "are" ndo wengi wanaumia. Ona: "Sam is tired" lakini "they are tired", mtu yule yule, sekunde ile ile. Sio kosa. Jina linabeba "is" kwa sababu jina ni la umoja kwa umbo, kiwakilishi kinabeba "are" kwa sababu umbo lake ni la wingi, kama "you" inavyobeba "are" ukimwambia mtu mmoja. "Someone is at the door, they are waiting." Kitenzi kinatazama umbo la neno linalokitangulia, hakihesabu vichwa vya watu. Ndo maana "everyone" inabeba "is" ingawa ni watu wote, kwa umbo ni "one", na hapo hapo inafuatiwa na "their": "everyone is bringing their book". Ndo maana pia "who is coming?" inaulizwa hata kama unategemea watu ishirini.

Timu na kamati ni hadithi nyingine kidogo, Mmarekani atasema "the committee has made its decision" na Mwingereza anaweza kusema "the committee have made their decision", zote zipo sawa, mbaya ni kuanza na "has" ukamalizia na "their" kwenye maandishi rasmi. Na "themself", ambayo programu ya kukagua maandishi inaweza kukupigia mstari mwekundu, ni neno la zamani lililorudi, linaifanyia "they" kile "yourself" inachoifanyia "you". Kwenye ripoti ya kazini bado ningeandika "themselves", kwa mtu mmoja aliyeomba aitwe "they" ningeandika "themself".

Kwa wenzangu mnaotafsiri, na kwa yeyote anayetumia tafsiri ya mashine kisha anaipitia kwa macho: ukifika kwenye "they" au "you" usiandike kitu kabla hujauliza wangapi. Usiangalie kitenzi, kitakudanganya, "are" iko kote kote. Rudi nyuma utafute neno lililotangulia. Kama ni "a customer", "the user", "anyone", ni mmoja, na Kiswahili kinakupa "a" na "m" na "yake" bure bila kukuuliza jinsia. Mteja akipiga simu mwambie asubiri. Amebadilisha picha yake.

Palipo pagumu kweli ni kifungu kilichokatwa kikaletwa peke yake, wanakutumia faili la vipande, kipande namba mia mbili kina maneno matatu tu, "They are here". Wamefika? Amefika? Vimefika? Zimefika? Kamusi haikusaidii hapo, inabidi umwandikie aliyekutumia kazi umwombe sentensi iliyotangulia. Mimi wiki hii nimeandika barua pepe nne za aina hiyo, na moja imerudi na jibu kwamba ni vifurushi.